Dereva na Mwingereza Wake

Mtaani kwetu Kipawa walikuwapo watu wengi waliojua kuendesha magari, lakini aliyeitwa Dereva alikuwa mmoja tu. Wenye teksi, wenye bajaji, hata jirani aliyekuwa akiendesha basi la mkoani, wote walikuwa na majina yao. Yeye alikuwa Dereva, kana kwamba sisi wengine tulikuwa abiria.

Aliyemuuliza kwao ni wapi alijibiwa, "Mie natokea barabarani," na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa hiyo kwao sikutaji. Nitasema nilichokiona. Nimeishi maisha ya kuhamahama: nimeuza vipuri Mbeya, nimehesabu magunia Tunduma, nimelinda ghala la mahindi Songea, nimerudi Dar nikaondoka tena kabla godoro halijapata joto. Kila niliporudi nilikuta mtaa umebadilika. Palipokuwa na duka pana kanisa, palipokuwa na kichochoro pana ukuta. Vitu viwili tu nilivikuta pale pale nilipoviacha: lori la zamani la Kiingereza uani kwa Dereva, na Dereva mwenyewe akilitukana.

Alilitukana kwa moyo wote. "Waliotengeneza hii kitu," alisema, "hawajawahi kutoka jasho toka wazaliwe." Na alikuwa na haki. Injini ya lori lile ilikaa ndani ya kebini, katikati ya viti viwili, imefunikwa boneti la bati lililoinuka kama mgongo wa kiboko. Joto lake lote liliishia kwenye mguu wa kushoto wa dereva. Mvua iliponyesha, maji yaliingia kwa juu. Jua lilipowaka, paa lilikaanga. Kiti hakikusogea mbele wala nyuma. Ukiwa mrefu ulikunja magoti, ukiwa mfupi ulitafuta mto. Usukani ulikuwa mpana kama ungo, na kuuzungusha lori likiwa limesimama ilikuwa kazi ya watu wawili.

Lakini jaribu sasa kukubaliana naye. Siku moja nilimwambia ni kweli kabisa, malori ya Waingereza yalikuwa mateso matupu. Akanitazama kama nimemsema vibaya mkewe.

"Nani kakwambia?"

"Si wewe, mzee?"

"Mie nasema. Wewe umeliendesha wapi?"

Sisi tunaoyapenda malori yale tunajuana. Tupo Temeke, tupo Mbagala, mmoja yupo Mbweni kwenye nyumba nzuri yenye geti la umeme, na hakuna hata mmoja wetu mwenye lori. Tuna kumbukumbu, na tuna simu za kubishania. Tunabishana ni aina gani iliyokuwa na uso wa duara kama boflo, ipi ilikuwa na mlango unaofungukia mbele, ipi honi yake ilisikika kama ng'ombe. Ubishi ukizidi mtu husema, "Twende kwa Dereva," na tulikwenda, kwa sababu la kwake lilikuwepo, ungeweza kuligusa. Taa zake zilikaa mbalimbali kama macho ya mtu mpole, na fito za chuma hapo chini zilifanana na meno ya mtu anayetabasamu huku ameyabana. Kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili, na kila kipande kilifunguliwa kwa kusukumwa nje, upepo ukaingia pamoja na vumbi lote la barabara ya kusini. Milango ya awali ilioza zamani. Dereva akaenda Keko kwa mafundi wa vitanda na makabati, wakamtengenezea mingine ya mninga. Ndiyo maana milango ya lori lile ilifungwa kwa kitasa cha kabati la nguo, na mtu aliyeifungua mara ya kwanza alitazamia kukuta mashuka.

Lori lenyewe tulilipa jina la Mwingereza. Dereva hakulipa jina lolote. Alisema ukikipa kitu jina unaanza kukisamehe.

Alilipata kwenye mnada, kampuni iliyomwajiri ilipofungwa. Wenzake walinunua meza na viti vya ofisini, yeye akanunua lori lililokuwa limeshagoma, wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Akalivuta hadi nyumbani, akaliweka juu ya magogo, akalipangusa kioo, kisha akakaa ndani. Wageni wake aliwapokea humo humo kwenye kebini. Ukifika kumtembelea ulipanda, ukakaa upande wa utingo, ukaletewa mihogo ya moto, sahani ikawekwa juu ya boneti katikati yenu, mahali ambapo zamani alipashia chakula safarini. Kuku walikuwa na njia yao ya kuingilia kwa chini, na mazungumzo yalisimama kuku alipotaga karibu na pedali. "Mpishe," alisema Dereva. "Huyu naye yuko kazini."

Kile kiti cha kushoto, cha utingo, yeye hakukikalia hata mara moja. Wala hakukubali kukaa mbele kwenye gari la mtu mwingine. Akipewa lifti alipanda nyuma, akafumba macho, akashuka akiwa amekasirika.

Na viatu. Kila aliponunua viatu vipya alivipeleka kwanza kwa fundi apunguze soli mpaka zibaki nyembamba kama karatasi. Fundi alilia kwamba anaharibu mali ya watu.

"Mali yangu au yako?"

"Yako, mzee, lakini roho inaniuma mie."

"Pedali inaongea," alimwambia Dereva. "Ukiivalia soli nene, unakuwa kama umeiziba mdomo."

Mtu huyu huyu, aliyepitisha korosho kwenye tope la Rufiji wakati wa masika, wakati madereva wengine walilala kando ya njia kusubiri jua, aliogopa kuvuka barabara kwa miguu. Simtanii. Pale barabara ya Pugu alisimama ukingoni na fimbo yake mpaka atokee mama mwenye mzigo kichwani, naye akavuka ubavuni kwake, ameshika pindo la khanga ya mtu asiyemjua. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Nawajua madereva."

Malori ya siku hizi aliyaita mafriji. Lilipopita lile refu jeupe lenye kiyoyozi na pazia, alisema, "Friji hilo linakwenda Zambia." Aliyeliendesha alimwita mlinzi wa friji. Vijana waliochukua leseni karibuni walikuja kumsalimia makusudi wasikie matusi hayo. "Shikamoo, mzee wetu," walisema. "Marahaba. Friji lako linagandisha?" Walicheka, kisha wakaomba wafundishwe.

Maana alifundisha. Gia za Mwingereza hazikuwa za kumsaidia mtu. Za leo unasukuma, zinaingia. Zile zilitaka ukanyage klachi utoe gia, uachie, uguse mafuta kidogo mpaka injini ifikie sauti yake, ukanyage tena, ndipo uingize. Ukiwahi, zinasaga meno. Ukichelewa, zinasaga meno. Hakukuwa na mshale wa kukuonyesha lini; kulikuwa na sauti tu. Na kwa kuwa lori lilikuwa juu ya magogo, Dereva alifundishia kiti cha plastiki na mwiko wa ugali. Mwanafunzi alikaa, akaushika mwiko kama gia, akaunguruma kwa mdomo huku akikanyaga hewa. Dereva alisimama nyuma yake amefumba macho.

"Umesaga!" alipiga kelele.

Pale palikuwa na mtu mzima, ana leseni na watoto, anaunguruma na mwiko mkononi. Na amesaga kweli. Hata sisi watazamaji tulisikia.

Nami nilikikalia kile kiti. Nilisaga mara zote. "Wewe una haraka ya kufika," aliniambia. "Gia haijui unakokwenda. Iulize kwanza." Nimefukuzwa kazi mbili na nimeachwa na mke mmoja, na hakuna aliyewahi kunieleza kosa langu kwa maneno machache namna hiyo.

Aliyemweza Dereva alikuwa binti yake, Da Mwajuma, mama wa makamo mwenye genge la nyanya na vitunguu pale pale nje. Waliishi wawili hao kwa kutaniana kuanzia chai ya asubuhi. Lakini ukafika mwaka ambao utani ulikwisha. Wana wawili wa kiume wa Da Mwajuma walikuwa wameoa, na nyumba haikutosha.

"Baba," alimwambia mbele yetu, "wajukuu zako wanalala sebuleni, na lori linalala uwanja mzima. Nataka kujenga vyumba. Masika yasinikute sijaezeka."

Dereva, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alipanda kebini akafunga mlango wake wa mninga. Alijua binti yake hakosei.

Wakaja watu wa skrepa, wanunuzi wa vyuma chakavu. Walikuwa watu wema, walivua kofia wakasalimia. Wakapima, kisha wakachora mistari ya chaki kwenye kebini, mahali ambapo moto wa gesi ungepita. Walipoondoka, Dereva alitoka ndani amevaa kanzu ya Ijumaa, akaifuta ile chaki kwa kanzu yenyewe, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka kanzu ikawa na rangi ya kutu. Hakututazama. Ndipo tulipojua kwamba jambo hili si letu la kubishania kwenye simu tena.

Tulitafuta mahali pa kulihamishia lori. Yule wa Mbweni alisema geti lake ni jembamba. Mwishowe alipatikana mama mmoja wa Pugu mwenye kiwanda cha matofali, uwanja mkubwa, na banda lenye paa. Sisi tulimwita Mama Matofali, naye hakulikataa jina hilo. Baba yake aliwahi kuwa utingo kwenye malori ya aina hiyo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Nitalipokea, na litakaa hapa mpaka mie nizikwe. Ila lije lenyewe. Mkilileta linakokotwa, mie sina makaburi hapa. Mpitilize nalo huko huko kwa watu wa skrepa."

"Mama, lina miaka halijatembea."

"Basi litembee. Maiti napokea kwa nini?"

Hilo ndilo lilikuwa sharti. Mwingereza apande mlima wa Pugu kwa nguvu zake kabla ya masika, au akatwe vipande.

Fundi wetu alikuwa Kessy, mtu wa Kilimanjaro mwenye gereji Temeke, mmoja wa wabishi wakubwa wa kikundi. Kiangazi kizima alilala chini ya lori lile. Mipira ya breki ilitoka kwenye lori jingine, pampu ikafufuliwa, tairi tukachangishana. Siku injini ilipoamka, moshi wake ulifunika nguo zilizoanikwa na majirani wa pande zote. Wakaja kugomba, wakabaki kutazama. Mama mmoja mwenye shuka lililokuwa jeupe alisema, "Kumbe lilikuwa zima, limekaa kutusikiliza tu!" Tukalizungusha mitaani taratibu, Dereva usukanini, kwa gia za chini. Kuku walitufuata mpaka kona.

Kisha sisi, wapenzi wa malori, tukafanya kosa ambalo wapenzi tu ndio wangelifanya. Tulitaka Dereva asafiri kama bwana harusi. Siku moja kabla ya safari, yeye akiwa msikitini, tuliipamba kebini. Tukalivika boneti sponji nene la godoro, juu yake tukatandika zulia jekundu, tukaendelea nalo sakafuni hadi kwenye pedali, tukaziba na matundu yote. Aliporudi akalishika zulia, akasema, "Mmeleta msikiti?" Lakini niliona amefurahi.

Jumapili asubuhi tulitoka. Da Mwajuma alikuwa amesema baba yake haendeshi, Kessy ataendesha. Dereva akasema sawa, Kessy aendeshe, na yeye atabaki Kipawa aangalie watu wakimzika angali hai. Binti akaufungua mlango wa kushoto. "Basi tunakwenda wote," akasema, akapanda kiti cha utingo na mkoba wake. Mimi nikakaa juu ya boneti, kwenye zulia. Kessy akatufuata na pikapu yenye vifaa.

Tulipita uwanja wa ndege kama wafalme. Gongo la Mboto watu walisimama kando, wakapunga mikono, mzee mmoja akavua kofia. Mabadiliko ya gia yalikuwa machache, barabara ni tambarare. Mara mbili zilisaga kidogo. Dereva alikunja uso.

Ulipoanza mlima, lori likapoteza mwendo. Akakanyaga, akatoa gia, akagusa mafuta, akakanyaga, akaingiza. Ikasaga. Akajaribu tena, ikasaga zaidi. Lori likasimama katikati ya mlima. Akavuta breki ya mkono. Kessy akaruka kutoka kwenye pikapu, akaweka mawe nyuma ya tairi. Nyuma yetu foleni ikaanza kukua, na honi nazo.

Dereva akaweka mikono mapajani.

"Mwajuma," alisema polepole, "masikio yameniondoka."

"Baba."

"Sisikii kitu. Naiuliza gia, hainijibu. Mwambie Kessy aje." Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwake. "Walete hao wa skrepa. Watukate wote wawili."

Da Mwajuma alikuwa ameinamisha kichwa upande wa boneti, ameweka kiganja juu ya zulia. Injini ilikuwa inaunguruma chini yangu, na ni hapo nilipogundua kwamba naihisi makalioni lakini siisikii.

"Hebu inuka hapo," aliniambia.

Nikainuka. Akakamata pindo la zulia, akalivuta kwa mikono miwili. Lilikuwa limebandikwa vizuri; Kessy si mtu wa kazi mbovu. Akavuta tena huku ameegemeza mguu kwenye dashibodi, zulia likachanika, sponji likafuata kwa mapande.

"Nyie mna akili?" alitufokea. "Shule zikifungwa, mie nililalaga juu ya hili boneti toka Dar mpaka Mtwara. Kelele zake ndizo zilizonilea. Mmemzibia!" Akatupa sponji dirishani. "Baba, si wewe. Hujawa kiziwi. Ni hili godoro lao."

Zulia la sakafuni nililing'oa mimi, kwa aibu na kwa kasi. Na kadiri lilivyotoka, kebini ilijaa sauti. Ilikuja kwanza kama mtu anayekohoa chumba cha pili, kisha ikawa humu ndani nasi, nzito, yenye moto na harufu ya mafuta, na kitasa cha kabati kikaanza kutetemeka mlangoni. Joto likapanda mguuni mwa Dereva. Akafumba macho. Nikaona uso wake ukirudi mahali pake.

"Jinga kabisa," alisema. Nadhani alikuwa akiliambia lori. "Ondoeni mawe."

Akaondoka kwa gia ya kwanza. Akaingiza ya pili, kimya. Akaingiza ya tatu, kimya. Nyuma yetu Kessy alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani. Kisha ikaja ile sehemu ambapo barabara inajikunja na mlima unakaza, na sote wanne tulijua kwamba hapa ndipo. Lazima ashuke gia huku lori linakata pumzi, na akikosa hakuna kujaribu tena. Injini ikaanza kuzama. Da Mwajuma alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Dereva akasubiri. Mimi ningekuwa nimeshaingiza zamani. Akasubiri zaidi. Akakanyaga, akatoa, akagusa mafuta mara moja, fupi, kama mtu anayegonga mlango wa jirani, akakanyaga.

Gia iliingia kama kijiko kwenye uji.

Lori likajivuta, likakaza, likapanda. Da Mwajuma alipiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika Kisarawe. Mimi nilipiga kelele nisizozijua. Dereva alikuwa ananung'unika kwamba tunamchafulia sauti.

Barabara ilipopanuka, foleni iliyokuwa nyuma yetu ikaanza kutupita. Friji la kwanza, jeupe, likaja sambamba nasi, kijana akashusha kioo.

"Mzee! Hilo limetoka makumbusho gani?"

"Limetoka kazini!" Dereva akamjibu. "Na wewe funga mlango, maziwa yataharibika!"

Kijana akacheka, akapiga honi ndefu. Wa nyuma yake akapiga. Wa tatu akapiga na kuwasha taa zote. Walitupita hivyo mmoja mmoja, wale wale waliokuwa wakitupigia honi za hasira huko chini, na Da Mwajuma aliwapungia wote kama mke wa rais.

Geti la Mama Matofali lilikuwa wazi. Dereva akakata kona kwa ule usukani mpana kama ungo, akaingia uwanjani, akasimama mbele ya banda tuliloahidiwa. Banda lilikuwa limejaa matofali kutoka sakafuni hadi karibu na paa.

Mama Matofali alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi. Aliliangalia lori, akachungulia nyuma yake kutafuta gari lililolikokota, akaona pikapu ya Kessy tu, haina hata kamba.

"Mama," nikasema, "si ulisema banda ni letu?"

"Nilisema likija lenyewe." Akaweka kikombe chini, akajifunga khanga kiunoni. "Sikusema naamini."

Akaingia bandani, akatoka na tofali kila mkono. Da Mwajuma akashuka, akavua viatu, akaenda kupokea. Kessy akaja, nami nikaja, na vijana wa kiwandani wakaacha chai yao. Dereva alibaki juu, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Alipoona kazi ni ya muda, akanyoosha mkono azime injini.

"Weee, baba!" Mama Matofali akampigia kelele, matofali mikononi. "Usizime! Mtaa mzima huu nimeuambia mtaletwa na kamba. Acha wasikie wenyewe."

Dereva akaurudisha mkono kwenye usukani, akakanyaga mafuta, na juu ya ukuta vichwa vya majirani vikaanza kutokea, kimoja kimoja.